Aliponiuliza Ukoo

Sauti yake niliisikia kabla sijamwona. Ilitoka nyuma ya ukuta wa mbao, kwenye kibanda cha fundi baiskeli pale Bombambili, ikisoma kwa nguvu habari za ubeberu huku nyundo ya fundi ikigonga rimu. Nilisimama nje na baiskeli yangu yenye pancha, nikasikiliza. Kisha nikaingia, nikamkuta kijana akiwasomea wenzake, nami nikajiunga nao.

Kikundi chetu kilisoma vitabu vya kimapinduzi jioni, baada ya kazi, tukibishana mpaka fundi atufukuze. Sura tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Maji Maji. Tuliisoma kwa jicho la kitabaka: kodi ya Mjerumani, kazi za shuruti, kisha watu wa kusini kusimama pamoja. Akifika hapo, kijana yule naye alisimama. Babu wa mama yake alikuwa miongoni mwa wakubwa wa Wangoni walionyongwa hapa Songea. Wa kwetu hawakunyongwa. Mama wa bibi yangu aliikuta njaa iliyofuata, Wajerumani walipokwisha kuchoma maghala ya ulezi, akazika watoto wake porini alikokuwa akichimba mizizi. Nilipoyasimulia hayo, kijana yule alinishika mkono mbele ya wote. Haikupita muda mrefu tukaanza kuzungumza habari za ndoa.

Jumapili moja, baada ya misa, akanipeleka kwao Mjimwema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivi? Au hivyo vitabu ndivyo mnavyokula?"

Tukacheka. Akanipakulia ugali na mboga ya majani ya maboga, akaniuliza ukoo, kama kwetu wanavyouliza kabla ya yote. Nikautaja. Mkono wake ukabaki hewani juu ya bakuli.

"Aa. Kumbe ninyi ni sutu."

Sutu ni wale ambao Wangoni waliwateka walipoingia nchi hii, wakawafanya watu wa kuwalimia na kuwabebea mizigo. Neno hilo nililisikia utotoni, likisemwa kwa mzaha penye pombe. Katika vitabu vyetu halikuwamo.

"Mama, hayo ni mabaki ya ukabaila," mwanawe akasema. "Yatafutika."

"Yafutike kwanza, ndipo uoe."

"Mjerumani alipochoma maghala hakuuliza mtu ukoo, mama," nikasema.

"Sikukatalii, mwanangu. Vita tulipigana pamoja, na njaa ikatuua pamoja. Kuoana ni jambo jingine."

Nilimtazama kijana yule. Nilitaka aseme neno moja tu, kwamba atanioa. Alikuwa akifinyanga tonge lile lile, halichovyi wala halili.

"Tuwe na subira," akaniambia, kwa ile lugha yetu ya kikundini. "Mazingira hayajakomaa."

Maneno hayo nami nimeyasema mara nyingi, na kwa uhakika mkubwa, juu ya nchi za mbali na watu nisiowajua. Sikuwahi kufikiri kwamba mahali fulani kuna mtu anayeyasikia akiwa na chakula mdomoni.

Nikanawa mikono, nikamshukuru mama. Mwanawe akanyanyuka anisindikize. Mama akamwambia kwa upole amalize kula kwanza, chakula kinapoa.

Akaketi.

Mama mwenyewe akanifikisha mlangoni, akanitakia njia njema, akaufunga mlango nyuma yangu.