Mtaalamu wa Kurasa Zilizochanika

Kazini walimwita Gundi, na jina lilimganda kama gundi yenyewe ilivyomganda kwenye kucha. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa vitabu katika chumba cha nyuma cha maktaba, chenye meza moja, mkebe wa gundi, sindano nene na dirisha lililotazama ukuta. Vitabu vilivyochanika vililetwa kwake, akavishona, akavibandika, akavirudisha. Elimu yake ilikuwa ya sekondari, lakini alikuwa na daftari, na daftari hilo ndilo lililomponza.

Humo alinakili, kwa mwandiko ulionyooka kama matofali, maneno ya Kiingereza cha kale aliyokutana nayo kazini. Ukurasa mzima ulikuwa wa thou, thee na thy. Aliyafuatilia kwa makini, akaona yanatumika kumwambia Mungu, mfalme na marehemu. Basi akaandika chini yake, akapiga mstari kwa rula: "Hii ni 'wewe' ya heshima kuu." Tangu hapo, barua zake zote za Kiingereza za kumwomba mkuu wa maktaba likizo hazikuwa na 'wewe' nyingine.

Binti yake wa kidato cha nne alipoleta nyumbani tamthilia ya zamani, Gundi alivuta kiti kabla hajaombwa.

"Baba, hiki ni Kiingereza gani?"

"Hicho ndicho chenyewe, mwanangu. Hicho unachosema wewe ni makombo yake."

Mkewe alikuwa anakunja nguo. "Haya," alisema bila kuinua macho, "umeshamfungulia bomba. Utalifunga mwenyewe."

Ijumaa binti alirudi na karatasi ya jaribio. Swali lilitaka aeleze uhusiano wa tajiri na mtumishi wake katika ukurasa wa arobaini. Alikuwa amejibu, kwa kufuata daftari la baba, kwamba tajiri anamheshimu mtumishi kupita kiasi. Pembeni mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Huku anampiga teke?"

"Amelisomea darasa zima, Baba. Sasa wananiita Mheshimiwa. Na mtihani wenyewe ni baada ya wiki tatu. Nikifeli Kiingereza, chuo cha uuguzi ndiyo basi."

Gundi alihisi ulimi ukijiandaa kumlaumu mwalimu. Akauzuia, akafungua ukurasa wa arobaini. Teke lilikuwepo. Thou nayo ilikuwepo, imelitangulia teke kwa mistari miwili. Akaendelea: mama anamwambia hivyo hivyo mtoto anayenyonya, wapenzi wawili wananong'onezana hivyo nyuma ya pazia, mlevi anamwambia mbwa. Ila mtumishi, kila akimjibu tajiri wake, alitumia you tupu, kwa adabu zote.

"Kwani hayo maneno ya wafalme uliyaona wapi?" binti aliuliza.

Gundi alifikiri. Ya dua yalikuwa kwenye kurasa za mwanzo, na ya kumsifu mfalme aliyefadhili kitabu. Ya marehemu yalikuwa mwishoni, watu wanapolia juu ya jeneza.

"Vitabu havichaniki katikati," alisema polepole. "Vinachanika mwanzo na mwisho. Na mimi nasoma ninachobandika."

"Kwa hiyo miaka yote hiyo hujawahi kufika katikati ya kitabu?"

"Nimefika sana. Kupitisha sindano."

Mkewe aliweka shati chini ili acheke vizuri.

Gundi alingoja amalize. Kisha akamsogezea binti kitabu. "Nisomee wewe, mwanangu. Anzia katikati."

Ikawa hivyo kila jioni kabla ya chakula, binti akisoma na kueleza, baba akiandika.

"Na Mungu je?" aliuliza siku moja. "Mbona naye wanamwambia kama mtoto au mbwa?"

"Kama mtu wa karibu, Baba. Huwezi kumpigia saluti aliye moyoni mwako."

Gundi alikata kipande cha karatasi nyeupe, akakibandika juu ya mstari wake wa rula, akaandika upya: "Hii ni 'wewe' ya karibu. Pia ya mateke."

Jumatatu alikwenda kwa mkuu wa maktaba, mama mmoja mkavu wa maneno, kumwomba radhi kwa barua za miaka kumi na moja.

"Nilidhani umenizoea tu," alisema mama huyo.

"Nilikuwa nakuheshimu, mama."

"Endelea kuniheshimu. Ila kwa Kiswahili."

Siku ya mtihani Gundi alikata karatasi mbili upande usiofaa. Binti alipitia maktaba akitoka shuleni, akaweka tamthilia mezani.

"Lilitoka la mama na mtoto anayenyonya," alisema. "Nimeandika kurasa mbili na nusu. Nililijua, Baba. Mwalimu anataka kitabu chake, lakini tumekiharibu."

Gundi alikigeuza. Jalada lilikuwa zima, mwanzo mzima, mwisho mzima. Uzi ulikuwa umekatika katikati kabisa, pale walipokuwa wakikifungua kila jioni. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuletewa kitabu cha namna hiyo.

Alitunga uzi kwenye sindano, akaiweka pembeni, akavaa miwani, akainamia ukurasa wa katikati.

"Mwambie mwalimu ni Alhamisi," alisema. "Kuna mahali sijamaliza."