Fundi Cherehani na Miti Miwili ya Yogya

Fundi cherehani wa uchochoro ule wa Surabaya aliipanga safari ya mji wa Yogya mwaka mzima, pini mdomoni: treni ya bei ya chini, wali wa kufungwa kwenye jani la mgomba, malazi kwa binamu wa Ratri, jirani yake ambaye angesafiri naye pamoja na majirani wengine. Kila akimaliza shati hulikung'uta na kusema, "Na ile miti miwili ya uwanjani, lazima!" Maana husemwa kuwa anayepita katikati yake akiwa amefungwa macho hupata alichoomba. Ombi lake hakumwambia mtu. Walipofika, aliupima ukuta wa kasri kwa shubiri, kisha sokoni akageuza pindo la kila batiki kukagua mishono. "Nzuri, mwanangu, ila mimi leo natalii tu," akamwambia muuzaji. Uwanjani wenzake walikodi vitambaa vya kufungia macho, yeye akatoa chake, alichokishona kwa mabaki.

Akajifunga, akaanza kutembea; lakini yeye, mtu anayekata nguo bila chaki na mkasi usiende kombo, akapotea njia na kuishia kwenye kigari cha muuza tofu. "Mama, umekuja kuomba au kula?" watu wakamtania. Akaanza upya, mikono mbele kama anayesukuma kitambaa chini ya sindano, hatua ndogondogo, na safari hii akapita katikati kabisa! Ratri akamrukia shingoni. "Haya, Mama, umeomba nini?"

Fundi akafungua macho, akaduwaa. "Uwii! Nimesahau kuomba. Nilivyokuwa na raha!" Akamkabidhi Ratri kitambaa, akageuka upesi. "Nifunge tena, mwanangu. Kwani si bure?"