Wifi Asiye na Ukoo

Kwetu Ufipa, mwanamke akiletwa nyumbani haulizwi kwanza kama anajua kupika. Anaulizwa ukoo. Nimewaona wazee wakivunja posa nzuri kabisa kwa ugomvi wa mababu ambao hata chanzo chake hakuna anayekikumbuka. Kwa hiyo mdogo wangu alipokuja likizo na mke aliyempata Marekani, mimi nilijua tatizo litaanzia wapi.

Wifi yangu ni mweusi kunizidi, na nilimpenda tangu alipopiga magoti getini kwetu pale Malangali akasema, "Shikamoo mama." Watoto wa jirani wakamwita mzungu. Nikawafukuza na mwiko mkononi.

Jioni ile ile mama akauliza, "Ukoo wenu ni upi, binti?"

"Hatujui, mama," wifi akajibu, kwa Kiswahili alichofundishwa na mumewe. "Kwetu ni Georgia. Kabla ya hapo walituleta kwa meli, na majina yetu wakayatupa."

Mama akammiminia chai. Mimi ni mwalimu wa historia. Miaka yote nimefundisha biashara ya utumwa kwa kuchora mishale ubaoni, kutoka Afrika kwenda ng'ambo, halafu nafuta, kengele inalia. Siku ile mmoja wa watu wa ile mishale alikuwa kwenye kochi letu, anakunywa chai.

"Sasa nitamwambia nini baba yenu mkubwa?" mama aliniuliza jikoni, kwa Kifipa. Baba yetu alishafariki, na kaka yake, anayeishi Mwimbi, ndiye anayesemea ukoo. Angefika Jumamosi. Akikataa, mdogo wangu angerudi Marekani na mke ambaye kwetu hatambuliki.

Kuanzia hapo mama akamkirimu wifi kupita kiasi. Chapati, mayai, chupa ya chai imejaa muda wote, mto wa kuegemea. Jikoni haruhusiwi, sahani hagusi. Asiyemjua mama angesema huo ni upendo. Mimi namjua. Mtu asiyemtaka, mama hamtukani, anamjaza chai.

Wifi naye hakuwa mjinga. "Nitakuwa mgeni mpaka lini?" akaniuliza.

Nikamwambia wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

"Leo ni siku ya nne," akasema. Nikaona aibu kweli.

Kesho yake asubuhi, kwenye ule ubaridi wetu wa Julai unaoingia mpaka kwenye meno, nikasikia mtu anafagia nje. Nikadhani ni mama. Lakini mama alikuwa mlangoni, amejifunika shuka, anatazama. Wifi alikuwa amekata vijiti kwenye ua, akavifunga kwa kamba, na sasa anafagia uwanja. Ameinama, mkono mmoja mgongoni, anakwenda kinyumenyume ili ufagio ufute nyayo zake mwenyewe. Hivyo hivyo ndivyo mama anavyofagia tangu nimepata akili.

"Nani kakufundisha kufagia hivyo?" mama akauliza.

"Bibi yangu. Alisema uwanja usibaki na jani wala unyayo, ili asubuhi ujue nani amepita."

"Na yeye?"

"Bibi yake. Kwetu zamani nyasi uwanjani ilikuwa aibu. Wazungu ndio walikuwa wanapanda nyasi mlangoni."

"Mlangoni?" mama akashangaa. "Wanafuga nini?"

Wifi akacheka mpaka akakaa chini. Mama akaendelea kumuuliza, na yeye nani, na yeye nani, wifi akihesabu bibi kwa vidole, mpaka akafika kwa mmoja aliyeuzwa akiwa mtoto pamoja na mama yake. Hapo akakwama. Mama akauchukua ule ufagio, akakagua fundo. "Umelegeza," akasema kwa ukali. "Kaza hivi." Ilikuwa mara ya kwanza kumgombeza.

Baadaye nikamweleza mama, kwa uungwana wa mwalimu, kwamba watu waliotekwa huku kwetu wengi walipelekwa pwani ya mashariki, na wazee wa wifi huenda walitoka upande wa magharibi wa bara, mbali sana na Ufipa. "Kafundishe wanafunzi wako," akanijibu.

Jumamosi baba mkubwa akaja. Akaketi, kofia gotini, akapewa kikombe cha togwa ya ulezi. Akauliza ukoo. Wifi akajibu vile vile: hatujui.

Mzee akashusha pumzi. "Binti huyu sina ubaya naye. Lakini wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Asiye na ukoo atakuwa na mila gani?"

Neno mtumwa wifi alikuwa analijua. Nikaona vidole vyake vimeng'ang'ania kanga. Mdogo wangu akainamisha kichwa. Mimi nilishafungua kinywa nijivunjie heshima mbele ya mzee, lakini mama akaniwahi, yeye ambaye tangu nizaliwe sijapata kumsikia akimjibu shemeji yake.

"Shemeji, uwanja umeuonaje ulipoingia?"

"Msafi, kama siku zote."

"Kafagia huyu. Sikumfundisha mimi, kaja anajua. Wenzetu walifanywa watumwa kweli, shemeji, wakachapwa, wakauzwa pamoja na watoto wao, na mila hawakuiacha. Sisi hakuna aliyetufunga kamba, na binti yangu wa kumzaa hajui hata kufunga ufagio."

Huyo binti ni mimi. Sijawahi kujivunia kusemwa kama siku ile.

Baba mkubwa akainuka, akasimama mlangoni akiutazama uwanja. Nyayo zilikuwa zake tu, kutoka getini mpaka kizingitini. Aliporudi akachukua kikombe chake cha togwa, alikuwa hajakionja, akampa wifi kwa mikono miwili.

"Anza wewe, mkwe," akasema. "Ukimaliza nitakutajia ukoo wetu wote, taratibu, uwafundishe wanao."