Pembetatu za blanketi ya ntheo

Makueni yote, fundi wa cherehani ni mimi. Hao wengine wanashona magunia.

Lakini leo nimechoka mpaka vidole.

Kesho tunapeleka ntheo, mbuzi za kumposea kijana wetu, na mama ya msichana ameahidiwa blanketi ya viraka vya pembetatu. Bila hiyo ni aibu.

Mke wangu alinielekeza: lalisha vitambaa viwili pamoja, chora laini kona mpaka kona, shona kando zote mbili za laini, halafu ukate katikati.

Mimi nikashona juu ya laini. Zote. Halafu nikakata hapo hapo.

Kila kitu ikaachana.

"Baba Mutua, sasa umeshona ama umekata?" mke wangu akaniuliza.

Mafundi wenzangu, nani hajawahi?

Mke wangu amekata zingine na kushona upya, kona zinakutana sawa.

Mimi nimepiga pasi tu.

Moja nimechoma.