Makofi Kabla Ndege Haijasimama

Mamlaka ya uwanja wetu wa ndege ilipenda kuukumbusha umma kwamba mtikisiko wakati wa kutua ni usumbufu mdogo, unaoletwa na upepo kukatizwa na milima, na kwamba ndege inayopaa tena bila kutua haijashindwa, bali imeahirisha. Abiria na jamaa zao hawana sababu ya kuingiwa na hofu.

Tangazo lilisomwa redioni asubuhi, wiki ya Krismasi, na Graciete alilisikiliza mpaka mwisho huku akifumua. Graciete ni mtarizi. Nyumba yake hapa Santa Cruz iko chini ya njia ya ndege, na siku za upepo mkali hatarizi. Hufumua maua aliyoyatarizi siku za utulivu, ili mikono ipate kazi. Mpaka mchana alikuwa amemaliza kufumua kitambaa kizima cha meza. Binti yake Lucélia, mjamzito wa miezi saba, alikuwa angani akitokea Lisbon.

"Jirani, ukiikodolea macho hivyo rubani ataona haya," alisema Baltazar, dereva mstaafu wa nyumba ya pili, aliyekuja barazani kumliwaza na kula keki ya asali.

"Kula, unyamaze."

Ndege ilitokea juu ya bahari, bawa moja chini, pua ikielekea kusiko na uwanja. Magurudumu yakagusa. Baltazar akapiga makofi.

Kisiwani kwetu abiria hupiga makofi ndege ikitua, na walio barazani huwaunga mkono. Lakini ni ikishasimama. Hata mtoto anajua. Ndege ikadunda, ikanguruma, ikapaa tena na kupotelea mawinguni.

"Umeona ulichofanya?" Graciete aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni upepo, mama, si mimi."

"Upepo upo tangu asubuhi. Makofi ndiyo mapya."

Baltazar, ambaye haamini mambo hayo, aliikalia mikono yake. Ndege ikarudi. Iliyumba, ikashuka kama kitu kilichoangushwa, ikapotea nyuma ya nguzo za zege zinazobeba uwanja ukingoni mwa bahari. Wakatazama juu ya nguzo, wakingoja moshi. Haukuja.

Jioni Lucélia alifika kwa miguu yake mwenyewe, uso umempauka. Baltazar alitaka kujua kama huko ndani makofi yalikuwa mengi.

"Hakuna aliyepiga, mzee. Mikono yote ilikuwa imeshika viti. Ya mhudumu ilikuwa imeshika rozari."