Harufu ya Ghorofa ya Saba

Saa saba na robo mchana ndiyo saa ambayo Kang Malsun aliichukia kuliko zote. Saa hiyo wafanyakazi wa ghorofa ya saba hurudi kutoka kula, kila mmoja na mswaki wake mkononi, wakajipanga mbele ya sinki tatu za choo cha wanawake. Husugua huku wakipiga soga, povu likiwachuruzika kidevuni. Wakishatema huenda zao kazini wakinukia mnanaa, na kinachobaki ni cha Malsun.

Na kinachobaki kinatapisha. Chembe nyekundu za pilipili zimegandia sinki, kipande cha mwani kimenasa kwenye tundu la maji, na ute wa kijivu ukiushika kwa kitambaa unavutika tu, hautaki kukatika. Kuna na wale wanaochokoa meno kwa uzi kisha wakaubandika uzi wenyewe kiooni, sijui wanamwekea nani kumbukumbu. Miaka kumi na mmoja Malsun alikuwa mfanya usafi katika jengo lile la ofisi mjini Daejeon, na kwa miaka yote hiyo kinyaa hakikumtoka.

"Kinyesi hakinisumbui," alimwambia mwenzake Okhui, walipokuwa wakila katika kichumba chao chini ya ngazi. "Kinyesi kinajijua. Lakini mtu ana shahada, amevaa koti la sufu, halafu anakuachia nyama ya katikati ya meno yake uiokote. Huyo naye mtu?"

"Kwa hiyo dada ungependa wasipige mswaki?"

"Ningependa wameze."

Siku ya kwanza ya kazi baada ya Mwaka Mpya, binti mmoja wa idara ya madai, Dahye, alibandika karatasi juu ya kioo: mswaki mara tatu kwa siku, ndani ya dakika tatu baada ya kula, dakika tatu kila mara. Malsun aliisoma akaguna. Maazimio ya mabinti wale aliyajua, siku ya nne huwa yamekufa, kisha wenyewe wanasema wataanza upya Mwaka Mpya wa mwezi mwandamo, maana nchi ile ina miaka mipya miwili na mvivu hapewi nafasi moja tu.

"Shangazi, jiunge nasi," Dahye alimwambia. "Tunaanza leo."

"Meno yangu haya yametafuna shayiri ya miaka ya njaa, mwanangu. Hayataki kubembelezwa."

Kumbe alikuwa na miswaki arobaini ndani ya ndoo yake. Ilikuwa ile iliyotupwa na mabinti, naye aliikusanya ili kusugulia michirizi katikati ya vigae, na michirizi yake iling'aa kuliko ya ghorofa nyingine yoyote. Nyumbani alikuwa na mswaki mmoja, nywele zake zimelala huku na huku, na aliupitisha mdomoni asubuhi mara nne au tano huku akitafuta soksi. Fizi zikitoka damu alisema ni baridi.

Januari hiyo ikazuka harufu. Ilikuwa harufu nzito, kama maji ya kuoshea samaki yaliyolala siku mbili. Malsun alijua imetoka kwenye mabomba ya sinki. Akamwaga maji ya moto, haikutoka. Akamwaga siki, kisha dawa ya madoa mpaka macho yakamtoka machozi, haikutoka. Ikamfuata kwenye lifti na kwenye basi, na pabaya zaidi palikuwa ndani ya barakoa yake. Alikuwa akibadilisha barakoa tatu kwa siku, akiwalaani wenye meno yao kila alipovua moja.

Kilichompa nguvu ya kuvumilia uozo ule ni mjukuu wake Sol, mwenye miaka minne. Mwezi wa tatu mkwewe Yurim alikuwa anarudi kazini, na ilitakiwa mtu wa kumpokea mtoto shuleni saa tisa na kukaa naye mpaka jioni. Malsun alikuwa ameomba awe yeye. Angehamia zamu ya alfajiri, na mchana wote ungekuwa wa Sol. Yurim hakukataa wala hakukubali. Alisema, "Tutaongea tukija kwa Mwaka Mpya wa mwezi, Mama."

Wakaja. Sol, ndani ya vazi lake jipya la rangi ya njano, alimsujudia bibi yake mpaka paji la uso likagusa sakafu, akashindwa kuinuka, wote wakacheka. Wakakaa kula supu ya mikate ya mchele, ambayo usipoinywa siku hiyo huhesabiwi kuwa umeongeza mwaka. Malsun akachukua jani la kimchi, kabichi iliyochachuliwa kwa pilipili, akalitia mdomoni mwake. Akalifyonza pilipili yote kama mama yake alivyomfyonzea yeye, akalitoa kwa vijiti likiwa limepauka, akamnyooshea mjukuu. Amefanya hivyo tangu Sol aanze kula. Kila mara Yurim hutazama pembeni.

Siku hiyo Sol alifumba mdomo. "Linanuka."

"Kimchi ndivyo inavyonukia, mwanangu. Kula."

"Siyo kimchi. Ni mdomo wa Bibi. Unanuka kama shimo la bafuni."

"Sol!" Kitae, baba yake na mwana wa Malsun, akamkemea. "Mwombe Bibi radhi sasa hivi."

Yurim hakumkemea mtu. Alichukua karatasi laini, akalitoa lile jani kwenye vijiti vya mama mkwe wake kwa ncha za vidole viwili, akalifunga, akaliweka kando ya bakuli. Malsun aliijua ile namna ya kushika. Ndivyo yeye alivyookota uzi wa meno kiooni.

Mlangoni, akivaa viatu, Yurim alisema, "Mama, tumepata shule inayokaa na watoto mpaka saa moja jioni. Usijisumbue."

Walipoondoka Malsun alichukua barakoa mpya, ambayo haijawahi kufika ghorofa ya saba, akaivaa, akapumua mara tatu. Harufu ilikuwa ile ile. Akaenda kwenye kioo, akawasha tochi ya simu, akafunua mdomo wote.

Husemwa kinywa ni jumba la maneno. Jumba hili kuta zake zilikuwa zimeota ukoga wa kahawia, mgumu, umepanda mpaka kwenye fizi, na fizi zenyewe zimevimba rangi ya ini. Nyuma kabisa gego moja lilikuwa shimo tupu, na ndani ya shimo kilikuwamo kitu cheusi ambacho alikichokoa kwa njiti akakinusa. Akatapika supu yote ya mwaka mpya. Nyani haoni kundule, naye huyu nyani alikuwa amekaa miaka kumi na mmoja akihesabu makundu ya wenzake.

"Mara ya mwisho kusafishwa meno ni lini, Mama?" daktari alimuuliza wiki iliyofuata.

"Mwaka wa Olimpiki."

"Ile ya juzi juzi?"

"Ile ya kwanza. Ya Seoul, themanini na nane."

Daktari akaanza kuukwangua ukoga. Vipande vilivyotoka mdomoni mwa Malsun vilikuwa na ukubwa wa punje za dengu, na vilipoangushwa kwenye trei ya chuma vililia. Magego mawili yaling'olewa. Alionyeshwa moja, akageuza uso.

Jumatatu, saa saba na robo, alisimama kwenye foleni ya ghorofa ya saba na mswaki mpya. Dahye akasogea kando ampishe. Karatasi yake bado ilikuwa kiooni, na kati ya waliojiunga nayo alibaki yeye mwenyewe na mwenzake mmoja. Malsun akasugua dakika tatu, akatema. Kilitoka povu jekundu lenye utelezi, akalichukia kuliko yote aliyowahi kuyafuta.

"Si ulisema wameze?" Okhui akauliza kutoka mlangoni, ameegemea fagio lake.

Malsun akachukua ndoo yake. Alivaa glavu akaanza na uchafu wake.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tatu Yurim alipita na mtoto kuchukua kimchi ya nyumbani. Amechoka, wiki moja tu ya kazi na macho yamemwingia ndani. Malsun akaweka bakuli la maji mezani, akasuuza jani moja la kimchi mpaka maji yakawa mekundu.

"Fungua kwanza," Sol akaamuru.

Malsun akafunua mdomo. Mtoto akasogeza pua, akanusa kwa makini. "Mnanaa. Na dawa." Kisha akapanua mdomo wake mwenyewe, akingoja kulishwa.

Malsun akanyoosha vijiti, na hapo ndipo alipoliona. Kwenye gego dogo la chini, upande wa kushoto, kulikuwa na doa jeusi, limezama. Alilitambua, kwa maana lilikuwa mtoto wa lile shimo lake. Miaka mitatu alikuwa amemfyonzea mtoto huyu kimchi akamtilia na uozo wake juu. Kinyaa kilimpanda. Angeweza kunyamaza. Peremende zingelaumiwa, au ile shule. Na akisema, ndiyo basi, Sol hataachwa mikononi mwake tena.

"Yurim," aliita, "njoo uangalie hapa mdomoni. Jino limeoza. Ni mimi niliyemwozesha, na vile vijiti vyangu."

Yurim akaja, akachuchumaa, hakutazama mdomo wa mtoto. Alimtazama yeye.

"Nililiona tangu Desemba, Mama."

Sol alikuwa bado kapanua mdomo katikati yao.

"Ana miadi kwa daktari Jumanne saa tisa," Yurim akasema. "Mimi sitaweza kutoka kazini. Utampeleka wewe."

Malsun akaenda kubadilisha maji ya bakuli. Akalisuuza lile jani tena, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka maji yakabaki meupe, ndipo akamlisha.