Aliyenifundisha Kuvuka Theluji

Skii zangu, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, zimesimama nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, katika nyumba ndogo ninayopanga nyuma ya villa moja hapa mtaa wa Golf. Fundi wa umeme aliyekuja juzi aliniuliza kama ni mbao za dari. Nikamwambia ndiyo. Kueleza kungechukua asubuhi nzima, na mwishoni angeniangalia vilevile wanavyoniangalia wengine.

Nilisoma miaka minne Ulaya, katika mji uliozungukwa na milima. Kuhusu baridi nilionywa na kila mtu. Kuhusu Jumapili hakuna aliyeniambia kitu. Kwetu Jumapili ni misa, kisha ndugu, kisha bukari, ugali wetu, na samaki na watu wanaosemezana wote kwa pamoja. Kule nilikuwa nakaa jikoni nasikiliza friji. Siku moja niligundua kwamba tangu Ijumaa jioni sijatamka neno.

Mlango uliotazamana na wangu ulikuwa wa mzee mmoja, seremala mstaafu, mgane. Alikuwa akipanda milimani na skii, mbali na zile njia zenye mashine za kuvuta watu. Alinikuta kwenye ngazi nimekaa tu.

"Unajua kutembea?" aliniuliza.

"Najua."

"Basi utaweza."

Hakunipeleka mara moja. Kwanza alinipa skii za marehemu mkewe, akanionyesha namna ya kubandika chini yake ule utepe wenye manyoya unaozuia mtu kuteleza kurudi nyuma wakati wa kupanda. Halafu akanifunga kifuani kifaa kidogo, ukubwa wa simu. Ukiwa unatembea, kinatuma ishara. Mwenzako akifukiwa na theluji, unakigeuza chako kianze kutafuta, na kioo kinakuambia umebakiza mita ngapi kumfikia. Alikitia kifaa chake ndani ya soksi, akakifukia kwenye theluji nyuma ya jengo letu, akaniambia nitafute. Nilitafuta Jumamosi nzima. Kila nilipokipata alikwenda kukifukia tena, ndani zaidi.

Kanuni yake kubwa ilikuwa hii: mteremko mbaya mnavuka mmojammoja. Anayebaki hafanyi kazi nyingine, anamwangalia tu anayevuka. Sijui kama alielewa maneno hayo yalinifanya nini. Miezi mingi hakuna mtu aliyekuwa ameniangalia nikipita mahali.

Tulikwenda majira mawili ya baridi. Kila mara tulipanda saa nzima, kisha alitoa mkate na jibini, akanikatia kipande kikubwa kuliko chake.

Siku ile ya mwisho tulichelewa, jua lilikuwa limeshalainisha theluji. Alisimama ukingoni mwa mteremko muda mrefu, akachoma theluji kwa fimbo yake, akasita. Nadhani alivuka kwa sababu yangu, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na njia ya kuzunguka ilikuwa ndefu. Alipofika katikati nilisikia mlio mzito chini, kama mtu anayejitupa kitandani. Juu yake theluji ilikatika mstari mmoja mrefu, ikashuka yote. Nilimwona hadi kwenye jiwe moja jeusi. Baada ya jiwe sikumwona.

Nilikigeuza kifaa. Mikono ilikuwa imeshajua kazi. Ishirini na tatu. Kumi na moja. Nne. Mbili. Nikaunga vipande vya ile fimbo ndefu niliyobeba mgongoni pamoja na koleo, nikachoma, nikachoma, mara ya tano ikagonga kitu kilichokuwa laini kuliko ardhi. Nikachimba kwa koleo nikilia kwa Kiswahili. Nilifikia kwanza bega, kisha uso. Mdomo ulikuwa umejaa theluji, nikaitoa kwa vidole. Akakohoa.

Neno lake la kwanza lilikuwa, "Kirudishe kifaa chako. Kitume ishara." Alihofia theluji nyingine ingeshuka na kunifukia mimi, na hakuna ambaye angenipata.

Hakunipeleka tena. "Sikupaswa kukupitisha pale," alisema. Tulisalimiana tu kwenye ngazi hadi nilipomaliza masomo. Siku ya kuondoka kwangu aliniletea zile skii, zimefungwa kwa kamba vizuri, akarudi ndani.

Sasa nafanya kazi ya kukagua kuta za mgodi, nisije nikaacha watu chini ya udongo. Wikiendi nakwenda kwa mama yangu, kule Kasungami, pembeni ya mji. Mara moja nilimsimulia yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kama munajua inauaka bantu," aliniuliza, "juu ya nini munapandaka?"

Baada ya swali hilo, kwa nini watu wanapanda mahali panapoua, sikumsimulia tena.

Mvua zilizopita, tukiwa tunapanda mahindi, simu yangu ililia. Ulikuwa ujumbe wa binti ya mzee. Baba yake amefariki usingizini, tayari wamemzika. Nilibaki nimesimama kwenye tuta.

"Ni nani?" mama aliuliza.

"Ule muzee wa kule kwenye baridi. Alikufa."

"Iko na batoto?"

"Moja tu, mwanamuke."

Mama aliweka jembe chini. Alinawa mikono, akajifunga kitambaa kichwani, akatandika mkeka mbele ya nyumba, kama penye msiba.

"Mama, ule hapana ndugu yetu."

"Alikulishaka?"

"Ndiyo."

"Basi ikala."

Nikakaa. Jirani mmoja, mama wa nyumba ya pili, alituona akaja kuuliza kilio ni cha nani. "Ya muntu wa mutoto yangu," mama akamjibu. Jirani alikaa nasi kidogo, kisha akaenda kuanua nguo zake kwa sababu mawingu yalikuwa yamekaribia. Tukabaki wawili kwenye mkeka wa watu kumi.

Mama aliniuliza jina lake. Nikamwambia. Alitoa rozari, akaanza kumwombea, na kila alipofika pa kumtaja marehemu alilitaja vibaya, kila mara kwa namna nyingine. Sikumsahihisha. Niliitikia tu, hadi matone ya kwanza yalipotuingiza ndani.